Usukani bila kadi ya gari: RTM, kununua jengo au meneja wa Baraza kwa wenye fleti Uingereza

Mara nyingi huanza siku karatasi ya ada ya huduma inapoingia mlangoni. Bima imepanda, lifti bado mbovu, ngazi hazijapigwa deki tangu mwezi uliopita, na chini kabisa kuna "ada ya usimamizi" ambayo hakuna anayejua imepigiwa hesabu gani. Kundi la WhatsApp la jengo linachemka. Kisha mmoja anaandika: "Kwani sisi hatuwezi kusimamia wenyewe?"

Mnaweza. Ila kuna milango zaidi ya mmoja, na kila mlango unaingia chumba tofauti. Nimeona watu wakikimbilia kununua jengo zima kwa sababu ya ugomvi wa bili ya usafi, na wengine wakichukua usimamizi huku shida yao ya kweli ni hati ya pango iliyobakiza miaka 70, kitu ambacho usimamizi hauwezi kukigusa kabisa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, chukueni karatasi mwandike malalamiko yenu yote. Yale ya bili, usafi, matengenezo, bima na wakala asiyejibu simu, wekeni upande mmoja. Yale ya kodi ya ardhi inayoongezeka na hati inayoisha muda, wekeni upande wa pili. Karatasi hiyo itawasaidia kuchagua kuliko ushauri wa jirani wa mtaa wa pili.

Ninaposema mwenye fleti, namaanisha aliyenunua fleti kwa hati ya pango ya muda mrefu, tuseme miaka 99 au 125. Mwenye jengo ni yule mwenye ardhi na jengo lenyewe, anayepokea kodi ya ardhi, na ambaye fleti itarudi mikononi mwake hati ikiisha. Wakala ni kampuni anayoiajiri kukusanya ada na kutunza jengo. Na haya ni ya England na, kwa sehemu kubwa, Wales. Scotland wana utaratibu wao, usichanganye.

Njia zenyewe

Haki ya Kusimamia, yaani Right to Manage, ambayo kila mtu huiita RTM, ilitungwa na Commonhold and Leasehold Reform Act ya 2002 na kuanza kutumika England Septemba 2003. Wenye fleti wanaunda kampuni, kampuni inampelekea mwenye jengo notisi, na baada ya miezi kadhaa usimamizi unahamia kwao. Hamhitaji kuthibitisha kosa lolote. Hata mwenye jengo akiwa malaika, haki hiyo ipo.

Kununua jengo kwa pamoja ni haki ya sheria ya 1993. Hapa hamchukui kazi tu, mnanunua mali: ardhi, kuta, paa na nafasi ya mwenye jengo.

Meneja wa Baraza anatokana na kifungu cha 24 cha Landlord and Tenant Act ya 1987. Mnaliomba Baraza la Daraja la Kwanza, kitengo chake cha mali, liuondoe usimamizi kwa mwenye jengo na kumkabidhi mtu litakayemteua. Hapa kosa lazima lithibitishwe.

Wanaojua daladala wataelewa haraka. RTM inakupa usukani, kadi ya gari inabaki kwa tajiri. Ukinunua jengo, umechukua gari pamoja na kadi. Meneja wa Baraza ni dereva aliyewekwa na serikali: jina lake mnaweza kulipendekeza nyinyi, lakini akishakaa kwenye kiti anamsikiliza aliyemweka.

| | RTM | Kununua jengo | Meneja wa Baraza |
|---|---|---|---|
| Kuthibitisha kosa | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Watu wa kuanzia | Wa angalau nusu ya fleti zote | Wa angalau nusu ya fleti zote | Hata mmoja |
| Gharama nzito | Kuanza bila akiba, wanasheria | Bei ya jengo | Kesi yenyewe |
| Kodi ya ardhi | Inaendelea | Mnaweza kuifuta | Inaendelea |
| Hati iliyobakiza miaka michache | Haiongezeki | Mnajiongezea | Haiongezeki |
| Anayebeba lawama | Kampuni yenu | Kampuni yenu | Meneja, mbele ya Baraza |

Ipo pia njia ya nne, ya kubaki na wakala mliye naye na kumbana. Kifungu cha 27A cha Landlord and Tenant Act ya 1985 kinamruhusu mwenye fleti hata mmoja kuliuliza Baraza kama ada fulani ni halali na ya haki. Kabla ya hapo mnaweza kudai muhtasari wa matumizi na kukagua risiti. Kama ugomvi wenu ni bili moja ya mwaka mmoja, ishieni hapo. Hakuna haja ya kuunda kampuni kwa ajili ya bili moja.

Je, mnaruhusiwa?

Wapo Waswahili London walionunua fleti zao kutoka halmashauri, kwa haki ya kununua iliyoanza na sheria ya 1980. Kama halmashauri bado ndiyo mwenye jengo wenu, RTM ya 2002 haiwahusu. Ipo haki nyingine ya vyama vya wapangaji wa halmashauri kuchukua usimamizi, lakini ina kanuni zake na huongozwa zaidi na wapangaji wa kawaida kuliko wenye fleti. Meneja wa Baraza naye hateuliwi dhidi ya halmashauri. Chama cha nyumba ni habari tofauti: RTM dhidi yake inawezekana, meneja wa kifungu cha 24 kwa kawaida hawezekani. Hata aliyenunua sehemu tu ya fleti, ile nusu umiliki nusu kodi, anahesabika kwenye RTM. Baraza la Juu, linalosikiliza rufaa za Baraza la Daraja la Kwanza, liliamua hivyo mwaka 2013.

Jengo lenyewe lazima lisimame peke yake, au liwe sehemu inayoweza kugawika kwa ukuta wa wima kutoka chini hadi juu na kupata huduma zake zenyewe. Liwe na fleti mbili au zaidi, na angalau theluthi mbili za fleti ziwe za wenye hati za muda mrefu, yaani hati zilizotolewa kwa zaidi ya miaka 21. Majengo mawili yaliyokaa juu ya maegesho mamoja ya chini ya ardhi huzua mabishano makubwa hapa. Ukiona hivyo, tafuta mwanasheria kabla ya kuandika barua yoyote.

Maduka ya chini yalikuwa yanaua madai mengi. Zamani, kama sehemu isiyo ya makazi ilizidi asilimia 25 ya eneo la sakafu, RTM haikuwepo. Tangu tarehe 3 Machi 2025, kwa nguvu ya Leasehold and Freehold Reform Act ya 2024, kiwango hicho ni asilimia 50. Kwa hiyo kama mliwahi kukataliwa kwa sababu ya supamaketi au ukumbi wa mazoezi uliopo chini yenu, pimeni upya. Kwa upande wa kununua jengo, sheria ya 1993 iliweka asilimia 25 vilevile, na ile ya 2024 inaipandisha, lakini vifungu vyake vinaanza kutumika kwa awamu. Mwanasheria wenu awaambie hali ilivyo siku mnayoanza.

Tofauti moja huwashtua wanaonunua fleti za kupangisha. Kwenye RTM, mtu mwenye fleti tano anahesabika kwa zote tano. Kwenye kununua jengo, anayemiliki fleti tatu au zaidi ndani ya jengo hilo anaondolewa kwenye hesabu ya wanaostahili. Jengo ambalo mfanyabiashara mmoja ameshika fleti nyingi linaweza kuwa rahisi kwa RTM na gumu kwa ununuzi.

Na nyumba za zamani zilizogawanywa fleti mbili, zile zilizojaa Leyton na Reading: kwa RTM lazima wote wawili wawe wanachama. Kama wa juu na wa chini hamsalimiani, njia hiyo imefungwa hadi mpatane. Kama mwenye jengo mwenyewe anaishi kwenye nyumba ya aina hiyo isiyozidi fleti nne, anaweza pia kuwa nje ya sheria.

Usukani unafika wapi

RTM inahamisha huduma, matengenezo, ukarabati, bima na usimamizi. Kwangu mimi, bima peke yake inatosha kuwafanya watu wafikirie. Kwa miaka mingi mwenye jengo alichagua kampuni ya bima, nyinyi mkalipa, na kamisheni ikaenda mahali msipopaona. Mamlaka ya fedha, FCA, ilibadilisha kanuni mwishoni mwa 2023 ili wenye fleti nao waangaliwe kama wateja wa bima hiyo, lakini bado kuna tofauti kubwa kati ya kuruhusiwa kuuliza na kushika kalamu mwenyewe. Chini ya RTM nyinyi ndio mnaoomba bei kwa madalali watatu na kuchagua.

Ruhusa nazo zinahamia kwenu. Anayetaka kupangisha fleti yake, au kuweka sakafu ya mbao pale hati inapotaka ruhusa, anaiomba kampuni yenu. Lakini lazima mumpe mwenye jengo taarifa kwanza, siku 30 kwa mambo mazito kama kuhamisha hati, kupangisha au kubadilisha muundo, na siku 14 kwa mengine. Akipinga, Baraza linaamua.

Watu hudhani kwamba siku ya RTM sheria za zamani za jengo zimefutwa. Hazijafutwa. Hati ya pango inabaki vilevile, herufi kwa herufi. Kama hati haisemi mnaweza kukusanya akiba ya matengenezo, kampuni yenu haiwezi kuidai hata kama paa linavuja na wote mnakubaliana kwenye WhatsApp. Kama hati inasema ada inalipwa mara mbili kwa mwaka, ni mara mbili. Na kanuni mlizokuwa mkimbana nazo wakala sasa zinawabana nyinyi: kazi itakayomgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250 lazima ipitie mashauriano ya kifungu cha 20 cha sheria ya 1985, yaani kuwauliza wenye fleti kwanza, na gharama isiyodaiwa wala kutaarifiwa ndani ya miezi 18 inaweza kupotea. Jirani asiyependa uongozi wenu ana haki ya kuwapeleka Baraza lilelile.

Pia kuna kitu kimoja hampati: nguvu ya kumnyang'anya mtu fleti kwa kuvunja hati. Hiyo inabaki kwa mwenye jengo. Mdaiwa sugu mtamfuata kwa madai ya fedha mahakamani. Mwenye jengo mwenyewe, kuanzia siku ya makabidhiano, anaweza kujiunga na kampuni yenu kama mwanachama, na kura zake zina ukomo ili asiwazidi.

Uwanja wa pamoja

Hapa ndipo ndoto nyingi za majengo mapya huvunjika.

Makazi ya kisasa ya London, Manchester au Milton Keynes mara nyingi si jengo moja. Ni majengo sita, kumi, yenye bustani moja, lango moja, maegesho mamoja, pengine na ukumbi wa mazoezi na mlinzi wa mapokezi. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani ilisema kampuni moja ya RTM haiwezi kuchukua jengo zaidi ya moja. Kila jengo liunde kampuni yake. Kisha Januari 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Settlers Court, jengo moja kati ya kumi ya makazi ya Virginia Quay, mashariki mwa London. Uamuzi wake: RTM inahusu jengo na vile vinavyolihudumia jengo hilo peke yake. Vitu vinavyotumiwa kwa pamoja na majengo mengine vinabaki kwa msimamizi wa zamani.

Maana yake ni kwamba mtashika ngazi, lifti, paa na bima ya jengo lenu, halafu wakala yuleyule mliyemkimbia ataendelea kuwaletea bili ya bustani, barabara ya ndani, taa za nje na lango. Bili mbili, wasimamizi wawili. Kama nusu ya malalamiko kwenye karatasi yenu ni ya bustani na maegesho, RTM itawachosha bure. Tembeeni eneo zima mkiwa na ramani ya hati mkononi, muweke alama kwenye kila kitu ambacho jengo jingine nalo linakitumia. Kinachobaki bila alama ndicho mtakachopata.

Kununua jengo kunafika mbali kidogo kwenye ardhi inayoandamana nalo, lakini nako majengo mengi kwenye uwanja mmoja ni kazi ya wanasheria wazuri na muda mrefu. Kwa ugomvi wa uwanja wa pamoja, meneja wa Baraza ana nafasi yake, kwa sababu nguvu zake zinatoka kwenye amri ya Baraza, na amri inaweza kuandikwa kulingana na tatizo.

Fedha

Kwenye RTM hakuna bei ya kununua chochote. Kampuni ni ya dhamana, haina hisa, na dhamana ya kila mwanachama kwa kawaida ni pauni 1. Zamani mlilazimika pia kulipa gharama za mwenye jengo zisizopita kiasi, na wapo waliotumia mwanya huo kuwatisha watu kwa bili za wanasheria. Tangu tarehe 3 Machi 2025 kila upande hubeba zake, isipokuwa pale dai linapoachwa na Baraza likaona mlifanya mambo bila busara. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa zaidi la 2024 kwa watu wa kipato cha kawaida.

Gharama halisi iko siku ya kwanza ya kazi. Kampuni yenu inazaliwa bila senti, na bima lazima iwe imeanza. Sheria inamtaka msimamizi wa zamani akabidhi fedha za ada ambazo hazijatumika, lakini "haraka iwezekanavyo" ya mtu aliyeondolewa kazini si haraka yako. Wanachama wakubaliane mapema kutoa mkopo mdogo wa hiari wa kuanzia.

Kununua jengo kuna bei: thamani ya kodi ya ardhi ya miaka ijayo, pamoja na thamani ya fleti kurudi kwa mwenye jengo hati zikiisha. Hati zikiwa chini ya miaka 80, kanuni ya 1993 inaongeza sehemu nyingine nzito, nusu ya ongezeko la thamani linalopatikana kwa kuunganisha hati na umiliki. Sheria ya 2024 imeifuta kwenye maandishi, lakini kifungu hicho kinasubiri kuanza kutumika. Juu yake kuna mthamini wenu, mwanasheria wenu, na gharama za mwenye jengo zisizopita kiasi. Na fleti zisizoshiriki lazima mtu azilipie sehemu yao. Wanaoshiriki hugawana mzigo, au hutafuta mwekezaji.

Mnachopata ni kikubwa, lakini. Mnaweza kujipa hati za miaka 999 na kuifuta kodi ya ardhi. Kwa jengo lenye hati za miaka 75, RTM ni kupaka rangi nyumba inayobomolewa taratibu. Hapo nunueni, au angalau kila mmoja aongeze muda wa hati yake peke yake. Tangu tarehe 31 Januari 2025 si lazima uwe umemiliki miaka miwili kabla ya kuomba.

Na kama mwenye jengo ameamua kuuza mwenyewe, sheria ya 1987 inamtaka awape wenye fleti nafasi ya kwanza, na kutofanya hivyo ni kosa la jinai. Bahasha ya namna hiyo msiitupe pamoja na matangazo ya pizza.

Muda na notisi

RTM isiyopingwa huchukua kama miezi mitano. Kwanza kampuni inawaalika wenye fleti wote wasio wanachama, na kusubiri siku 14. Kisha notisi ya dai, inayompa mwenye jengo angalau mwezi mmoja kujibu, na siku ya makabidhiano iwe angalau miezi mitatu baada ya hapo. Akipinga, mna miezi miwili kwenda Baraza. Msipoenda, dai limekufa.

Upinzani mwingi haukuwa wa hoja, ulikuwa wa makosa ya karatasi: jina limekosewa, au mwenye hati ya kati, aliye baina ya mwenye jengo na wenye fleti, hakupelekewa notisi. Agosti 2024 Mahakama ya Juu ilipunguza mchezo huo. Katika kesi ya jengo la Tudor Studios ilisema kukosa kumpelekea notisi mwenye hati ya kati hakukuua dai, kwa sababu hakunyimwa nafasi muhimu ya kupinga. Hata hivyo msiandike notisi kwa mkono wa kushoto. Mwanasheria wa RTM ni nafuu kuliko kurudia.

Kununua ni safari ndefu zaidi: notisi yenye bei mnayopendekeza, angalau miezi miwili ya majibu, mazungumzo, na mkishindwa kuelewana, Baraza ndani ya miezi sita baada ya jibu. Ukipitisha miezi hiyo sita, dai linahesabika limeondolewa, na mtasubiri mwaka kuanza tena.

Kwa meneja wa Baraza, mnaanza na notisi ya kifungu cha 22 inayotaja makosa na kumpa mwenye jengo muda wa kuyarekebisha. Baada ya hapo ni ushahidi: picha, barua, ripoti ya mhandisi, bima iliyokatika. Lazima mje na mtu mwenye sifa anayekubali kuteuliwa kwa jina lake, na Baraza litamhoji. Ningeichagua pale nusu ya wenye fleti haipatikani, labda wengi wako ng'ambo na hawajibu, huku jengo likiharibika. Ningeichagua pia pale wenyewe hamuwezi kukaa meza moja. Meneja hana shangazi kwenye jengo.

Jengo refu

Baada ya moto wa jengo la Grenfell, London, wa Juni 2017, uliowaua watu 72, sheria zimekuwa nzito, na ni haki ziwe hivyo. Jengo la mita 18 au ghorofa saba na kuendelea liko chini ya Building Safety Act ya 2022. Linasajiliwa kwa Msimamizi wa Usalama wa Majengo, na lazima awepo anayewajibika kisheria, mwenye kuandaa ripoti ya usalama na kusikiliza wakaazi. Mkichukua usimamizi, jukumu hilo linakuja kwa kampuni yenu, na kushindwa kunaweza kuwa jinai. Hata majengo ya chini ya hapo yana yake: yanayozidi mita 11 lazima milango ya moto ya sehemu za pamoja ikaguliwe kila miezi mitatu tangu Januari 2023.

Kwa jengo refu lenye kasoro za ukuta wa nje zisizorekebishwa, mimi ningesubiri. Mwacheni mwenye jengo akamilishe kazi ya ukuta, mkiwa mnambana kwa njia nyingine, ndipo mchukue usukani. Kwa jengo la ghorofa tatu nne la matofali, woga huo hauna nafasi.

Watu

Kampuni inahitaji wakurugenzi, na wakurugenzi ni majirani. Wana wajibu kwa Companies House, msajili wa kampuni, kila mwaka, na tangu tarehe 18 Novemba 2025 mkurugenzi anatakiwa kuthibitisha utambulisho wake, hata yule anayeishi Mombasa au Muscat na kupangisha fleti yake kwa wakala. Wachukulieni bima ya wakurugenzi mapema.

Majengo mengi ya RTM huajiri wakala hata hivyo, na sioni aibu yoyote hapo. Tofauti ni kwamba anajua mnaweza kumfukuza. Muangalie vizuri, maana England hakuna leseni ya serikali ya kazi hii. Kinachotakiwa kisheria tangu 2014 ni kuwa kwenye mfumo wa kushughulikia malalamiko. Uanachama wa vyama vya kitaaluma kama The Property Institute au RICS ni wa hiari, lakini asiye nao aeleze kwa nini.

Swali gumu ni nani atagonga mlango wa mama Fulani wa ghorofa ya pili anayedaiwa ada ya mwaka mzima, ambaye watoto wake na wako wanasoma darasa moja. Wakala wa zamani alituma barua ya wanasheria bila kupepesa. Kama kwenye jengo lenu hakuna watu watatu walio tayari kuidhinisha barua kama hiyo na bado wakasalimiana kwenye lifti, chagueni meneja wa Baraza, au bakini na wakala na mumfungulie kesi ya ada.

Aliyezoea Afrika Mashariki atashangaa kwa nini yote haya. Kenya, kwa sheria ya Sectional Properties ya 2020, kila mwenye sehemu anapata hati yake na wenye sehemu ndio chombo cha usimamizi tangu mpango unaposajiliwa. Tanzania, Unit Titles Act ya 2008 ina mantiki hiyohiyo. England wana kifaa kinachofanana nacho, commonhold, tangu 2004, lakini hadi leo majengo yake hayafiki 20. Serikali ilitoa waraka wa sera Machi 2025 wa kukifanya kuwa cha kawaida kwa fleti mpya. Wenye fleti za zamani hawana sababu ya kuusubiri.

Siku ya makabidhiano

Kwa jengo la kawaida la fleti kumi hadi hamsini, lisilo refu, lisilo kwenye uwanja wa pamoja, lenye hati zaidi ya miaka 90, ningeanza na RTM bila kusita. Kununua mnaweza kununua baadaye, mkiwa mmeshajua gharama za jengo lenu na nani kati yenu analipa kwa wakati. Leasehold Advisory Service wanatoa ushauri wa bure, wapigieni kabla ya kumlipa mtu.

Tarehe ya makabidhiano mnaichagua nyinyi kwenye notisi, mradi isiwe kabla ya miezi ile mitatu. Someni hati muone mwaka wa ada unaanzia wapi, mara nyingi ni Machi 25, Juni 24, Septemba 29 au Desemba 25, na muipange ianguke hapo au muda mfupi kabla, ili bili ya kwanza itoke kwenu na isitoke kwa anayeondoka. Nyaraka mnazodai kwa msimamizi wa zamani, ana siku 28 kuzitoa, lakini halazimiki kuzitoa kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo ripoti ya moto, cheti cha lifti, namba za mita na funguo za paa ombeni kwa upole mapema, na bima yenu ianze saa sita usiku ya tarehe hiyo bila kusubiri asubuhi.